Miche ya Taa Namba 417

Tshiela alisia mbegu za kabichi katika makopo kumi na mawili ya sadini, akayapanga jikoni kando ya ufa wa sakafu, kwa sababu ndiko kulikokuwa na mwanga. Ilikuwa Novemba 1956, pale Kapata, kambi ya wachimbaji wa kampuni ya mgodi, na mvua za mwezi huo zingesomba mbegu yoyote iliyowekwa nje. Mademoiselle Godelieve, mwalimu wa kina mama wa kambi, alikuwa ameagiza kila nyumba ioteshe miche ndani. Mshindi angepata kopo la kumwagilia maji.

Mwanga ulitoka chini. Ulikuwa wa taa ya mumewe, Mulumba, ambaye wiki iliyotangulia udongo uliporomoka ukamfungia mgodini. Alipokosa pa kutokea alichimba kuelekea nyumbani, mwendo wa kilomita nne, mpaka akafika chini ya jiko lake. Hapo sururu ikamvunjikia, na zege la sakafu ya nyumba ya kampuni likamshinda. Betri ya taa zile hudumu saa kumi na mbili. Ya Mulumba ilikuwa bado inawaka, labda kwa sababu hakuna aliyeiambia izime.

"Tshiela," aliita kila asubuhi. "Maji."

Tshiela alimmiminia ufani polepole kwa kikombe. Taabu ilikuwa chakula. Ufa ulikuwa mwembamba kuliko ukucha; bukari, yaani ugali, haukupita, na uji uliganda njiani. Kilichopita ni mche mmoja mmoja wa kabichi, akiushika mzizi na kutanguliza majani. Basi taa ya Mulumba ikaotesha miche, na miche ikamlisha Mulumba, minne asubuhi na minne jioni. Tshiela alijua mtu mzima haishi kwa hayo.

Alikwenda kwa Louis, karani wa chumba cha taa. Pale kila mchimbaji akichukua taa huacha msumarini kipande cha shaba chenye namba yake. Akirudisha taa, hukichukua. Namba 417, ya Mulumba, ilikuwa bado inaning'inia.

"Tata Louis, bwana yangu eko chini ya nyumba. Mi namusikia. Batume batu bavunje sakafu."

"Mama, jeton yake iko ku musumari. Mutu wa jeton ku musumari eko ku kazi. Siwezi kuandika kama amepotea."

"Sasa atatoka namna gani?"

"Arudishe lampe."

Louis hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamwonyesha daftari: siku ishirini na saba tangu udongo uporomoke, Mulumba hajakosa zamu hata moja.

Tshiela akajaribu mwenyewe. Jembe la kwanza lilipinda, la pili likavunjika mpini, na mlinzi wa kambi akamwonya kwamba anayeharibu nyumba ya kampuni hupakiwa yeye na watoto wake kwenye treni ya kurudishwa kwao Kasai. Majirani walimpa pole. Waliinama ufani wakamsalimia Mulumba, kisha wakarudi kwao.

Siku ya ukaguzi Mademoiselle Godelieve aliingia, na hakupendezwa. Miche yote ilikuwa imejipinda juu ya kingo za makopo, vichwa chini, ikiutazama ufa.

"Mama Tshiela, miche yako inalala. Na ile mingine iko wapi?"

"Bwana yangu amekula."

"Miche si ya kula." Aliandika. Kisha akauona ufa. "Na sakafu imepasuka. Si propre, si safi. Nitasema baitengeneze."

Ombi la Tshiela la kuvunjiwa sakafu lilikuwa limekwama kwa Louis. La Mademoiselle lilijibiwa kesho yake. Banza, fundi mwashi wa nyumba ya tatu, alifika na saruji, mwiko na sururu. Alipiga magoti, akavua kofia.

"Jambo, Tata Mulumba."

"Jambo, Tata Banza," sauti ikajibu kutoka chini. "Batoto bazima?"

"Bazima."

Tshiela alimshika mkono. "Uko na piki, Tata. Piga mara tano tu. Mi nitasema ni miye nilivunja."

Banza aliisukuma sururu nyuma yake. "Mama, niko na batoto sita. Nayo nyumba yangu ni ya kampuni."

Banza alilia kweli. Machozi yaliingia katika saruji, naye akaikoroga hivyo hivyo, akaziba ufa. Tshiela alipigapiga sakafu kwa viganja mpaka vikachubuka, na kwa kuwa saruji ilikuwa bado mbichi, Banza ilimbidi ailainishe upya. Ilikuwa kazi nzuri.

Jiko likaingia giza. Hata hivyo miche iliyobaki iliendelea kuinama pale pale, kwenye mstari mpya wa kijivu, na Tshiela akajua taa ingali inawaka. Aliyageuza makopo, miche ikarudi kuinamia mstari ule ule. Hakupika, hakufua. Alikaa sakafuni akiiangalia na kuiomba isichoke.

Siku ya tano, Jumanne, alipoamka aliikuta miche imesimama wima, haina tena cha kuinamia.

Ijumaa Mademoiselle Godelieve alirudi, akafurahi. Sakafu ilikuwa safi na miche imenyooka. Alimkabidhi Tshiela kopo la kumwagilia, akamtaka awaeleze kina mama wenzake amefanyaje.

"Ni bwana yangu," alisema Tshiela. Wakampigia makofi.

Jioni ile Louis aliutazama msumari wenye namba 417, akamwandika Mulumba kuwa yuko kazini.