Moto wa Nyumba ya Athanasi

"Tufagie kanisa," Masalu alirudia. "Hilo liwe tendo letu la wiki."

"Tulifagia wiki iliyopita," nikamwambia. "Na ile ya kabla yake. Kanisa sasa ni safi kuliko sisi."

Watu wakacheka kidogo, wakaacha walipomwona Masalu, mume wangu, hacheki. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, zamu yangu ya kuikaribisha jumuiya. Binti yangu Eufrasia alikuwa ametusomea Warumi, sura ya kumi na mbili, pale Paulo anapoagiza kwamba adui akiwa na njaa alishwe, na akiwa na kiu anyweshwe. Kila mmoja alishasema neno lililomgusa. Ilibaki kuchagua tendo. Adui mwenyewe aliishi nyuma ya jiko langu, na paa lake halikutoa moshi.

Mwaka ule ndio wanunuzi binafsi walianza kuleta malori yao Nkoma. Kijiji kilikubaliana pamba yote ingoje, tuwasikilize wote kwanza, kisha tuuze pamoja. Jirani yetu Athanasi hakungoja. Aliuza kwa lori la kwanza, na bei aliyoikubali yeye ndiyo tuliyolazimishwa sote. Sungusungu, walinzi wa kijiji ambao mkuu wao ni Masalu, wakamtenga yeye na nyumba yake: asisalimiwe, asiuziwe kitu dukani, asipewe moto. Atakayempa naye atengwe. Hata Mustapha wa dukani, ambaye hana shamba wala ng'ombe hapa, aliacha kumuuzia kiberiti.

"Benedikta amejifungua juzi," nikasema. Benedikta ni mke wa Athanasi. "Amelala na kichanga kwenye nyumba ya baridi, anakunywa maji baridi ya mtungini. Nani hapa hajui?"

Mzee Constantine, mwenyekiti wa jumuiya, alijaribu kupoza mambo kwa utani. Alisema mstari ule unaishia na makaa ya moto kichwani pa adui, kwa hiyo Athanasi avumilie, makaa yake yako njiani.

"Ya kichwani atajuana na Mungu," nikasema. "Mimi nataka mkewe apate ya jikoni."

Masalu akawageukia wageni, akaanza kueleza taratibu kama anavyoeleza mkutanoni. Kutenga si chuki, alisema. Bila hivyo kila mtu atauza kivyake, na wenye malori watatumaliza mmoja mmoja. Sikumbishia, maana ni kweli. Mimi ni bibi shamba, na hao wanunuzi nawajua. Kisha akanitazama mimi.

"Mwezi ujao tuna harusi ya Eufrasia. Nani atatwanga? Nani atachota maji? Ukivuka kwenda kwao, mama Eufrasia, utapika harusi ya mwanao peke yako."

Hilo lilinipata. Huyu ni binti yangu wa pekee, na kwetu harusi isiyo na majirani huzungumzwa mpaka wajukuu. Nikamtazama. Biblia ilikuwa bado mapajani mwake, kidole kwenye mstari.

"Mayu," akaniita kwa sauti ndogo, "mimi nitaolewa hata kwa sufuria moja."

Masalu akainamisha kichwa. Karibu na mlango, pale alipozoea kukaa Benedikta na tumbo lake, mkeka ulikuwa mtupu. Tulikuwa tunapaacha wazi kila Jumamosi bila kuambizana. Asubuhi ile ile mchelewaji mmoja alitaka kukaa pale, na Masalu ndiye aliyemwonyesha mahali pengine. Nilimwona, ila nilikuwa sijamwambia.

"Uliiweka nafasi yake," nikamwambia. "Kwa nini?"

Akatazama nje, upande wa nyumba ya Athanasi.

Nikainuka, nikaenda jikoni. Nikachagua makaa ya mgunga, yale yasiyozimika upesi, nikayaweka kwenye kigae na kuyafunika kwa majivu. Uji niliowapikia wageni nikaumimina wote kwenye kibuyu. Nilipotoka, upepo wa Julai ukapiga kigae, cheche zikaruka kuelekea paa la nyasi.

Masalu alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atanizuia. Akachukua ungo ukutani, akaja kuukinga upande wa upepo.

"Utachoma nyumba za watu," akasema. "Haya, tembea."

Tukavuka, mimi na kigae na kibuyu, yeye na ungo. Nyuma yetu nikasikia viti vikisogezwa, kisha sauti ya Eufrasia ikiuliza kuni ziko wapi.

Mlango wa Athanasi ulikuwa umefungwa. Masalu akapaza sauti, kubwa kuliko ilivyohitajika, ili njia nzima imsikie mkuu wa sungusungu akisalimu.

"Mwangaluka, mayu."

Ndani kichanga kikalia. "Mwangaluka," Benedikta akajibu, na mlango ukafunguliwa. Niliingia moja kwa moja mpaka kwenye mafiga, nikapiga magoti kwenye majivu ya baridi, nikaanza kupuliza.