Mdai Asimame

Biasha binti Bakary alikuwa amekwisha kumweleza tarishi zaidi ya mara moja kwamba hahitaji kubebwa.

"Ngazi nazipanda mwenyewe," alisema. "Wewe nipishe tu."

Tarishi, mtu wa Pande aliyeitwa Likwata, hakumjibu yeye. Alimgeukia Mwanaasha, jirani yake Biasha, aliyekuwa amesimama kando na kikapu cha chakula chao. "Mwambie mgonjwa wako asubiri hapa chini. Akiitwa nitatafuta wanaume wamnyanyue."

"Haumwi," alisema Mwanaasha. "Na masikio anayo."

"Haya, mwambie hivyo hivyo."

Biasha akafumba macho kidogo, akayafumbua. Hasira za asubuhi alikuwa amejiapiza kuzitunza mpaka mbele ya akida.

Walikuwa wametoka Kiswere alfajiri kwa mtumbwi wa mjomba wake Mwanaasha. Kutoka pwani hadi kwenye baraza la akida Biasha alikuja kwa njia yake ya siku zote: viganja juu ya vibao viwili vya mpingo, chini amejifungia kipande cha ngozi ya ng'ombe kwa kamba, mwili unanyanyuka na kutua, unanyanyuka na kutua. Homa iliyompata utotoni, meno ya kwanza yalipokuwa yakimtoka, ilikuwa imeondoka na nguvu za miguu. Mikono ilibaki, tena ikazidi. Alisuka mikeka, alipika, alipalilia mihogo yake mwenyewe nyuma ya nyumba. Hayo watu hawakuyaona. Walichokiona ni miguu.

Aliyemfikisha barazani ni kaka yake wa baba mmoja, Mfaume. Baba yao alifariki mwaka ule vita vya Hitla vilipokwisha, na mali ikagawanywa mbele ya wazee na mwalimu wa chuo cha Kurani. Biasha akapewa minazi ya upande wa msikitini. Kila mtu alisikia. Lakini msimu wa kwanza tu, Mfaume alimwita mkwezi wao, Evaristo, Mmakonde aliyewaangulia nazi watu wengi pale Kiswere, akamwamuru kila anachoangua akipeleke nyumbani kwake. Biasha alipouliza, kaka yake alicheka kwa upole kabisa.

"Mdogo wangu, nazi utazifanyia nini? Kula si unakula?"

Kula alikula, ni kweli. Mfaume alimletea unga na samaki, na kila alipoleta alipaza sauti toka njiani kuwasalimu majirani, wote watoke wamwone na mzigo wake. Sikukuu ya Idi alimletea kanga za mkewe zilizokwisha kupauka. Na watu wakasema, Mfaume ana roho nzuri, wengine wangemtupa. Biasha alitamani siku moja mtu amuulize hizo nazi zilizonunua unga na samaki zilikuwa za nani.

Mara ya kwanza kuja hapa, Likwata alimwacha chini ya ngazi vilevile, kisha yeye mwenyewe akaenda zake kunywa uji. Jina la Biasha likaitwa huko juu ukumbini. Akaitika kutoka chini kwa sauti yake yote, hata mbuzi waliokuwa wakila majani ya ukutani wakakurupuka. Karani akaandika kwamba mdai hakutokea. Mfaume akashuka ngazi akijipepea kwa kofia.

"Umeona sasa?" alimwambia. "Hata kufika tu kumekushinda. Twende nyumbani, nitakupakia kwenye chombo changu."

Aliposikia neno lile, kupakiwa, ndipo alipojua kwamba atarudi.

Sasa amerudi, na yuko palepale chini, na jua linapanda. Mama mmoja mwenye buibui akapita, akamwangushia sarafu mapajani.

"Mungu akupe subira, mwanangu."

"Mama, mimi siombi. Nina kesi."

"Sote tuna kesi, mwanangu, sote tuna kesi mbele yake," alisema yule mama, akaenda zake ameridhika.

Mwanaasha akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Biasha naye akacheka, maana kingine cha kufanya kilikuwa kulia. Sarafu akampa muuza karanga amrudishie mwenyewe, na muuza karanga akaitia mfukoni.

Evaristo alifika akiwa na vumbi hadi magotini. Alikuwa amekuja kwa miguu, na alikuwa na wasiwasi, kwa sababu Mfaume alikwisha kumwonya kwamba akisema neno atatafuta mkwezi mwingine.

"Nitasema ninachokijua tu, dada," alimwambia Biasha.

"Sitaki zaidi ya hicho."

Jina likaitwa. Safari hii Biasha hakungoja. Aligeuza mgongo akauelekeza kwenye ngazi, akaweka viganja kwenye jiwe la nyuma yake, akajinyanyua, akakaa. Kisha la pili.

"We! We!" Likwata alikuja mbio kutoka mlangoni. "Haifai! Huwezi kumwingia akida kwa kutambaa kama..."

"Kama nini?"

Likwata akasimama katikati ya ngazi, mikono kiunoni. "Ni kukosa adabu. Watu huingia wamesimama. Ngoja niite wanaume."

"Mimi ni mwanamke, Likwata. Mkeo utaita wanaume wamkamate mapajani mbele za watu? Sogea, au nikupitie hapo hapo miguuni."

Waliokuwa wakingoja kesi zao walicheka kwa sauti. Likwata akatazama juu, akatazama chini, akajibanza ukutani. Biasha akampita akitweta, jasho likimwingia machoni, na nyuma yake Mwanaasha amebeba vibao kama mtu aliyebeba viatu vya bibi harusi.

Ukumbi ulikuwa na baridi. Akida, mzee mnene mwenye joho jeusi, aliketi nyuma ya meza, na pembeni yake wazee wawili wa baraza. Mfaume alikuwa amesimama tayari. Akida hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Mdai asimame."

Mtu mmoja akakohoa.

"Mdai asimame, nimesema!"

"Shikamoo, bwana akida," alisema Biasha kutoka sakafuni. "Nimesimama. Hivi ndivyo ninavyosimama."

Akida akainua macho, akatafuta ilikotoka sauti, akampata. "Marahaba," alisema. Halafu akamtazama Mwanaasha. "Anataka nini huyu?"

Mwanaasha akavuta pumzi ndefu. "Muulize, bwana akida. Anajibu vizuri kuliko mimi."

Mmoja wa wale wazee akainamisha kichwa kuficha kicheko. Akida akamuuliza, na Biasha akasema: minazi ya upande wa msikitini alipewa siku ya mirathi, mashahidi wapo, na tangu hapo hajapata hata kifuu. Evaristo akaitwa. Alikunjakunja kofia yake mikononi, akasema anachokijua: minazi ile yeye ndiye anayeikwea, watu wote wanaiita ya Biasha, na nazi anazipeleka kwa Mfaume kwa sababu ndivyo alivyoamriwa.

Mfaume hakukana. Alisikitika tu, na alisikitika kwa dhati. Hilo ndilo lililomchosha Biasha kuliko yote. "Bwana akida, minazi ni yake, sibishi. Lakini hali yake mnaiona. Shamba hawezi kulikagua, mnazi hawezi kuukwea. Mimi ni kaka yake, namtunza. Nikimwachia, ataibiwa."

Akida akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakanong'onezana na wazee wake. Kisha akatoa neno.

"Baraza linakubali kwamba minazi ni mali ya mdai. Na kwa sababu ya hali yake, kaka yake Mfaume atakuwa msimamizi."

Safari yote ile, ngazi zote zile, warudi pale pale walipoanzia.

"Bwana akida, naomba kuuliza."

"Kesi imekwisha."

"Swali dogo tu. Wewe una minazi?"

Akida alikunja uso. "Ninayo. Kila mtu anajua ninayo."

"Unaikwea mwenyewe?"

Safari hii yule mzee hakujificha. Alicheka mpaka akashika meza. Huko nyuma watu wakapokea. Likwata akapiga kelele za kunyamazisha, na hakuna aliyemsikia.

"Na kaka yangu aulizwe," aliendelea Biasha, "lini aliukwea mnazi. Huyu Evaristo ndiye anayewakwelea wote. Mwenye miguu anamwita Evaristo, na mimi nina mdomo wa kumwita. Kama kutokwea ndiyo sababu ya kuwekewa msimamizi, basi bwana akida nawe wekewa."

"Chunga ulimi wako!" Akida alipiga meza. Uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira, lakini wazee wake walikuwa wamekwisha kumwinamia sikioni, wote wawili, wakisema kwa haraka. Aliwasikiliza muda mrefu. Alipoinuka, hakumtazama mtu.

"Haya. Chukua minazi yako, bila msimamizi. Na ikikushinda usije hapa kunililia."

Hukumu ikaandikwa hivyo, na Biasha akashuka ngazi kwa namna aliyopandia. Viganja vilikuwa vimechubuka. Mfaume alipita pembeni yake, akatembea haraka kuelekea pwani. Kwenye mtumbwi Mwanaasha alimwosha mikono kwa maji ya chumvi, na Biasha akamtukana kwa maumivu, na Mwanaasha akasema hata akida hakutukanwa hivyo.

Wiki iliyofuata Kiswere nzima ilikuwa na habari. Akida amemhurumia Biasha. Masikini, akida ana huruma. Biasha aliwasahihisha wa kwanza, akawasahihisha wa pili, akaeleza tena kisimani, akaeleza msibani. "Hakunihurumia, alikasirika. Nilishinda." Wakaitikia ndiyo, ndiyo, wakamwombea akida maisha marefu. Mwisho alichoka.

Nazi zilipoanza kulundikana uani, alimwita Evaristo amchimbie kifuo, ule mti wenye ncha wa kufulia nazi. Evaristo akauweka urefu wa kawaida, unaomfika mtu mapajani.

"Kata," alisema Biasha.

Akakata. "Kata tena." Akakata mpaka ncha ikawa usawa wa kifua cha mtu aliyeketi. Biasha akajisogeza, akakita nazi, akaisokota, ganda likaachia kwa mlio mkavu. Akachukua nyingine. Mke wa Mfaume alikuwa amekuja kuomba nazi ya kupikia, akasimama uani akitazama, mkono mdomoni.

"Kumbe unaweza kufua! Siku zote hizi wifi yangu, mbona hukusema?"

Biasha alimtazama. Maneno yalimjia mengi, mengine ya kweli sana, na yote alikwisha kuyasema mahali fulani. Akamtupia nazi mbili zilizofuliwa.

"Mwambie kaka nimemsalimu," alisema, akanyoosha mkono kuchukua nyingine.