Hatua ya Sita

Tangu astaafu uuguzi, Sista hakujua la kuifanyia mikono yake. Alipanga makabati akayapangua, akampigia binti yake simu mara nne kwa siku, hadi binti akachoka: "Mama, nenda kajitolee popote, nasi tupumue." Ndivyo alivyoingia kwenye mpango wa kuwatafutia ajira watu wazima wenye ulemavu wa akili, akakabidhiwa Bosi.

Bosi alikuwa na miaka thelathini na minne. Jina hilo alilipata kwa kumpa kila mtu mkono na kuuliza, "Kazi zinaendaje?" Hoteli mbili zilikwisha kumkataa. Hii ya tatu ilimpa wiki tatu za kujifunza kukunja mataulo, kisha mtihani: mataulo ishirini, peke yake. Akishindwa, anarudi sebuleni kwa mama yake, yeye na televisheni mchana kutwa.

Siku yenyewe Sista aliambiwa akae kitini, asiguse kitu. Makubwa! Akaikalia mikono yake, roho juu.

Bosi akaanza, akihesabu kwa sauti kama walivyozoea. "Moja, tandaza. Mbili, kunja. Tatu, kunja tena. Nne, geuza. Tano, pangusa." Kisha akaliacha taulo mezani, akasubiri.

"Mbona humalizii?" aliuliza msimamizi wa chumba cha kufulia.

"Sita ni ya Sista."

Moyo wa Sista ukafanya paa! Mazoea yana tabu. Wiki tatu nzima, kila taulo Bosi alipolimaliza, yeye alilivuta pembe kidogo, wala halikuwa na kasoro. Mikono tu ilimwasha. Kumbe mwenzake alikuwa anahesabu.

"Kosa ni langu, mama," Sista alimwambia msimamizi. "Hatua ya sita haipo. Bosi, baba, ziko tano tu. Zikiisha, weka rafuni."

"Haya, aendelee," alisema msimamizi. "Nawe usifungue tena mdomo."

Bosi akalitazama taulo, akamtazama Sista, akalirudia taulo. Sista alitamani kuinuka, kukohoa, chochote. Akajibana hadi vidole vikafa ganzi.

Bosi akalipeleka rafuni. Likaja la pili, la tatu, hadi ishirini, pembe kwa pembe.

"Jumatatu, saa moja asubuhi," alisema msimamizi. "Usichelewe."

Bosi akampa mkono. Kisha akaja pale kitini, akampa Sista mkono pia, uso umemjaa huruma.

"Pole, Sista," alisema. "Sasa wewe huna kazi."