Karamu ya C-

Kwa kawaida Mwalimu Munyao akifika sokoni hunyoosha chupa yake ya plastiki bila kusema neno, na Sirad humjazia maziwa ya ngamia mpaka shingoni. Wamefanya hivyo miaka minne. Lakini Jumanne hiyo ya mwezi wa kwanza alikuja mikono mitupu, shati limemganda mgongoni kwa joto la Garissa, na hata kabla hajafika kivulini alikuwa ameshaanza kuita.

"Mama Abdinasir! Hongera!"

Sirad aliinua kichwa kutoka kwenye madumu yake. "Hongera ya nini, Mwalimu?"

"Ya Hamdi! Kwani hajakuambia? Matokeo ya kidato cha nne yalitoka jana. Ana C-. Wa pili shule nzima."

Kikombe cha kupimia kilibaki hewani. Jana jioni Hamdi alikuwa nyumbani. Alipika, akafua, akamkanda mama yake miguu kwa mafuta ya simsim kama kawaida, na mdomoni mwake halikutoka neno.

"Jana saa ngapi?"

"Saa sita mchana. Walikuja shuleni, yeye na Ifrah na wenzao wawili, tukaangalia kwa simu yangu. Walifurahi hao! Walivuka barabara wakanunua soda mbili na keki moja, wakagawana wanne." Mwalimu alicheka, kisha akaona Sirad hacheki. "Mama, usiione ndogo hiyo C-. Mwaka ule wa ukame alikuwa kidato cha kwanza, anafika darasani saa nne, ametoka kukusaidia hapa. Kidato cha pili mwaka mzima hatukuwa na mwalimu wa fizikia. Mimi ni wa hesabu, nilikuwa nakisoma kile kitabu usiku ili nao wapate kitu. Nakwambia ukweli, sikutarajia."

"Sijaiona ndogo," Sirad akasema.

Alisema hivyo, lakini moyo wake ulikuwa umeshakimbia kwingine. Ulikimbilia kwa Abdinasir, kama ulivyozoea.

Miaka sita nyuma, mwanawe huyo wa kwanza alipata A-. Olow, mumewe, alichinja ngamia. Jamaa walikuja kutoka Eldas na Bute, wamejazana kwenye gari mpaka juu ya mizigo. Na Sirad aliimba. Enzi hizo hakuna harusi ya maana iliyofanyika mtaani bila yeye, kwani kwa buraanbur, yale mashairi ya sifa ambayo wanawake huimbiana kwa ngoma na makofi, hakuwa na mshindani. Siku hiyo alimwimbia mwanawe tangu adhuhuri mpaka jua likapungua, na wanawake wakamtunza kwa kumvisha shela zao, moja juu ya nyingine, hata akawa haonekani uso.

Abdinasir akaenda chuo kikuu, uhandisi, Nairobi. Mwaka wa pili akaacha. Vijana wenzake walikuwa wameanza safari ile ya kupitia Ethiopia na Sudan mpaka Libya, ili wavuke kwenda Ulaya, naye akawafuata bila kuaga. Baada ya miezi mitano ujumbe mmoja wa sauti ukaingia kwenye simu ya mama yake, sauti ya mtu mwenye kiu: "Hooyo, nisamehe. Niko salama. Nitakupigia Ijumaa baada ya alasiri."

Ijumaa hiyo hakupiga. Zimepita Ijumaa za miaka mitatu, na kila moja Sirad huacha biashara adhuhuri, huswali, hukaa mlangoni na simu mapajani mpaka jua lizame. Hajaimba tena tangu wakati huo. Wenye harusi walimwita mara ya kwanza, mara ya pili, wakachoka, wakatafuta mwingine.

Jumanne hiyo Sirad alirudi nyumbani mapema. Alimkuta Hamdi amechuchumaa jikoni akichagua mchele kwenye sinia.

"Kwa nini hukuniambia?"

Hamdi hakuuliza ni jambo gani. Aliendelea kutoa vijiwe, kimoja kimoja. "Ningekuambia, hooyo."

"Lini? Mwalimu Munyao, mtu wa Machakos, ndiye anakuja kunipa habari za mtoto wangu?"

"Ungesema nini?"

"Ningesema mashallah! Ningesema nini kingine?"

"Ungesema mashallah, halafu ungenyamaza," Hamdi akasema polepole. "Kila kitu cha shule kikitajwa unanyamaza. Nikileta ripoti, unanyamaza. Nikivaa sweta ya zamani ya kaka, unaingia chumbani. Nilijua nikitaja matokeo utamkumbuka, na jana haikuwa Ijumaa. Nilitaka upumzike walau jana."

Sirad alikaa kwenye kigoda akamtazama binti yake. Tangu lini alikuwa na mikono mirefu namna ile? Alikuwa na miaka kumi na minne kaka yake alipoondoka. Miaka mitatu amekua humu ndani, huku mama yake akitazama barabara.

"Hiyo keki," Sirad akauliza mwishowe, "ilikuwa ya aina gani?"

Hamdi alishangaa. "Ya kawaida tu. Ya njano. Ilikuwa imekauka kidogo."

Kesho yake Sirad alimwachia jirani madumu yake, akaenda kwa Idil, mama yake Ifrah. Mlango ulikuwa umefungwa ingawa ndani kulisikika watu. Alibisha mpaka Idil akafungua kidogo, jicho moja tu.

"Abaayo, dada yangu, kama umekuja kuuliza matokeo, nenda salama. Ifrah amepata D."

"Najua, Hamdi ameniambia. Nimekuja kukuambia tutafanya karamu. Hamdi, Ifrah na wale wawili wa nyuma ya msikiti. Wote wanne."

Idil alifungua mlango wote ili amwone vizuri. "Karamu ya D? Nipigie ngoma D? Sirad, tangu juzi sijaenda hata kuchota maji kwa kuogopa maswali. Watu watatucheka mpaka Wajir."

"Wacheke. Ile ya A- si walikuja wote? Walikula wakashiba, wakaniambia mwanao atakuwa mtu mkubwa. Leo nani anajua aliko? Abaayo, hawa wasichana wako hapa. Nikinyoosha mkono nawagusa. Wangeolewa wakiwa darasa la nane, hakuna ambaye angeuliza. Wamekaa kwenye madawati miaka minne na jua hili na njaa ile, wamemaliza. Kisha wanakwenda kugawana keki kavu kando ya barabara kama watu walioiba?"

Nyuma ya Idil, kwenye giza la chumba, Ifrah alikuwa amesimama, shela ameivuta mpaka machoni.

"Siku gani?" Idil akauliza.

"Ijumaa. Baada ya alasiri."

Idil alimkazia macho, maana mtaa mzima uliijua Ijumaa ya Sirad. Lakini alisema tu, "Mimi nitaleta mchele."

Olow alipata likizo ya siku mbili kutoka Dadaab, ambako huendesha lori la maji. Alishuka Alhamisi jioni na mbuzi mweupe aliyemnunua njiani, akamsalimu Hamdi kwa kumshika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Alhamdulillah, wa pili!" Mara tatu alisema hivyo. Hamdi alicheka mpaka akafunika mdomo.

Shida ilikuwa maneno. Katika buraanbur huwezi kusema tu lijalo. Herufi moja hushika ubeti mzima, na mwimbaji hutafuta maneno yanayoanza na herufi hiyo kama mtu anayetafuta mbuzi wake ndani ya kundi la wengine. Kwa Hamdi alihitaji H. Siku mbili nzima, akipima maziwa, midomo yake ilitembea. Hooyo, mama. Hal, ngamia jike. Zamani maneno yalimjia mbio, mengine akayafukuza. Sasa lilikuja moja, likasimama mbali, likamtazama. Mteja mmoja alimuuliza kama anaumwa.

Ijumaa ikafika. Idil na wanawake wengine walitandika mikeka uani, wakafunga turubai kukinga jua, wakachoma udi. Wasichana wanne walikaa mbele kwenye mito, wamepakwa hina, kila mmoja akimwonea haya mwenzake. Waliokuja walikuwa wengi kuliko waliotarajiwa. Huenda wengine walikuja kuona karamu ya D ni kitu gani. Nje ya ua wanaume walikaa na Olow, Mwalimu Munyao katikati yao akiwa na sahani ya nyama ambayo kila mtu alikuwa akimwongezea.

Muadhini alikuwa ameshamaliza. Watu walikuwa wameswali. Sirad alitoka kwenye lango, simu mkononi, akamwita mumewe pembeni.

"Kaa nayo wewe."

Olow aliitazama ile simu kama kitu cha moto. Miaka mitatu hajawahi kuruhusiwa kuishika siku ya Ijumaa. "Na akipiga?"

"Mwambie dada yake ana karamu. Mwambie asikate, naja."

Alirudi ndani kabla mumewe hajasema lolote. Idil alikuwa na ngoma mapajani. Makofi yalianza, taratibu, na wanawake wakajipanga duara. Sirad aliingia katikati, akafunga shela kiunoni, akafumba macho, akafungua kinywa.

Jina lililotoka lilikuwa la Abdinasir.

Alilisikia kama wengine walivyolisikia. Makofi yalilegea, yakafa upande mmoja wa duara, kisha upande wa pili. Ulikuwa ubeti wa miaka sita iliyopita, mstari wa kwanza, uliokaa kooni mwake siku zote hizo ukingoja mlango ufunguliwe. Alifumbua macho. Hamdi alikuwa amesimama kutoka kwenye mto wake, na Sirad akaona haya kama hajawahi kuona haya maishani.

"Samahani," akasema. "Samahani, binti yangu. Nilikuwa nimeandaa..."

Hamdi alivuka mikeka akaja akamshika mkono. Viganja vyake vilikuwa bado na unyevu wa hina. "Mmalizie kwanza yeye, hooyo," akasema. "Mimi nitangoja."

"Si siku yake."

"Mwimbie. Hata mimi namtaka arudi."

Basi Sirad akaimba. Lakini ule ubeti wa sifa ulibadilika mdomoni mwake. Aliuliza amekula nini, amelala wapi. Aliuliza ni nani anayemwita kwa jina asubuhi huko aliko, na kama hakuna amwitaye, je, bado analikumbuka. Wanawake waliacha kupiga makofi, wakawa wanaitikia kwa koo tu, chini chini. Wengine nao walikuwa na watoto kwenye barabara hiyo hiyo. Nje ya ua mazungumzo ya wanaume yalikatika. Sirad aliimba mpaka maneno yakaisha, akajifuta uso kwa ncha ya shela, akavuta pumzi.

Kisha akampa Idil ishara ya ngoma, na mkono wa Hamdi akiwa bado ameushika, akaanza upya.

Lile kundi la maneno lililomkataa siku mbili likaja lote. Alimwimba msichana aliyebeba madumu kabla ya adhana ya alfajiri, aliyeingia darasani mikono inanuka maziwa. Alikiimba kitabu cha fizikia kisicho na mwalimu, na mwalimu wa hesabu aliyekifungua. Alipoipachika ile C- ndani ya mstari, na mstari ukasimama bila kuyumba, duara zima lilipasuka kwa kicheko na vigelegele. Hakuishia hapo. Aliwachukua wale wengine mmoja mmoja, kila mmoja na alama yake, hakuficha wala hakuongeza, na alipofika kwa Ifrah aliitamka ile D kwa sauti ya juu kabisa, akaizungusha kama bibi harusi. Ifrah alijifunika uso. Idil alitupa ngoma kwa jirani, akainuka, akavua shela yake ya hariri, akamvisha Sirad kichwani.

Wageni walipoanza kuondoka, Olow alimrudishia Sirad simu. Alitikisa kichwa tu. Sirad aliitia mfukoni. Maumivu yalikuwepo pale pale, hayakupungua hata chembe.

Uani wasichana wanne walikuwa wakisugua masufuria kwa mchanga, wakicheka kuhusu jambo ambalo hawakutaka kulirudia mbele ya wakubwa. Sirad alichuchumaa kando ya Hamdi, akachukua sinia moja.

"Kuna kozi ya cheti cha afya ya jamii," Hamdi akasema bila kuinua macho. "C- inatosha. Mwalimu Munyao amenisaidia kujaza fomu."

"Chuo kiko wapi?"

"Wajir."

Sirad aliendelea kusugua. Wajir si Libya. Ndiko alikozaliwa yeye mwenyewe, huko juu upande wa Bute. Hata hivyo akaona ghafla jiko bila mtu, na kigoda kitupu.

"Unaenda lini?"

"Wakinichukua, mwezi wa tatu."

Alihesabu wiki zilizobaki kwa vidole vyake vyenye masizi, kimoja kimoja, akafika mwisho haraka mno, akaanza tena kutoka mwanzo.