Keki Kabla ya Kuziba Mlango

Maabara yetu hapa Galway ina sheria ambayo haijaandikwa popote: keki ya pongezi haikatwi mpaka mlango uzibwe. Dawa ikionekana imefungua mlango wa chumvi kwenye utando wa seli, unaongeza dawa nyingine ya kuuziba. Sindano ya kipimo, yaani mshale unaopanda chumvi ikipita, ikishuka, chumvi ilipita mlangoni kweli. Isiposhuka, umedanganyika.

Dervla, mtafiti mwenzetu, alileta keki kabla ya kuziba.

Seli alizokuwa akizipima zilikwanguliwa puani mwa mdogo wake, Tadhg. Tadhg alizaliwa na milango mibovu. Seli zake hazitoi chumvi inavyopaswa, na maji, ambayo kwa kawaida huifuata chumvi, hayatoki. Makohozi hugandamana mapafuni kama gundi. Dawa zinazowasaidia wengi hazimfai, kwa kuwa ubovu wa milango yake ni wa nadra. Basi sindano ilipopanda asubuhi ile kwa dawa mpya, Dervla alimpigia simu papo hapo, kisha akatoka kwenda kununua keki.

"Umeshaziba?" aliuliza Malachy, mwenzake wa meza ya pili, akiitazama keki kwa shaka.

"Ndiyo naziba. Usinitie nuksi, Malachy."

Akaziba. Sindano haikushuka hata kidogo.

Malachy hakucheka. Aliichukua chupa ya maji ambayo Dervla alichanganyia dawa, akasoma lebo ubavuni. "Haya hayana kalsiamu, Dervla. Ni yale ya kubandulia seli."

Dervla hakuhitaji kuelezwa zaidi. Seli jirani hushikana kwa vishikio vinavyotaka kalsiamu; ikikosekana, huachiana. Chumvi haikupita mlangoni. Ilipenya uchochoroni, kati ya seli na seli. Alichukua tabaka la mwisho la seli za Tadhg lililobaki, akarudia kwa maji sahihi. Sindano ililala pale pale.

Tadhg alifika saa ya chai, barakoa usoni, amepanda ngazi polepole.

"Dawa haikufanya kazi," Dervla alimwambia kabla hajaketi. "Nilikosea maji. Na sikupaswa kukupigia."

Tadhg alikohoa kwa muda mrefu. "Nimeshamwambia mama. Ameshawasha mshumaa kanisani."

"Nitamwambia mimi."

"Thubutu! Atakuua wewe kwanza, na mimi ndiye mgonjwa." Akajifuta macho. Hakuna aliyemuuliza kama ni kikohozi tu. "Dawa nyingine zipo?"

"Rafu nzima. Zilizoisha ni seli zako."

Tadhg aliitazama rafu, kisha akashusha barakoa na kuegemeza kichwa nyuma. "Kwangua basi. Ila tundu la kulia safari hii. La kushoto bado limekununia."

Dervla alivaa glavu. Malachy akaifunika keki, akairudisha kwenye boksi.