Lami ya Baba Mkwe

Mume wangu Urho anaamini mambo matatu duniani: sauna, pombe kali na lami ya msonobari. Kwetu Kainuu, kwenye misitu ya kaskazini yenye theluji, wazee husema hivyo vitatu vikishindwa, mgonjwa aagwe tu. Pombe alikatazwa na daktari baada ya kupasuliwa moyo, theluji ilipokuwa inayeyuka. Sauna aliruhusiwa ya uvuguvugu, ambayo kwake si sauna, ni matusi. Ikabaki lami. Basi kiangazi kile alipaka lami kila kilichosimama mbele yake: ngazi, viatu, mpini wa shoka, mashua, na siku moja nusura ampake na paka wetu.

Sikumkataza. Lami yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyeipika kwa visiki vya msonobari siku saba mchana na usiku, na lilikuwa limebaki debe moja. Nilijua anachokitafuta mle debeni. Lakini alipoanza kupaka kamera, hapo tulianza kushikana mashati.

Tulikuwa na kamera nne msituni nyuma ya nyumba, zile za kufungwa mtini zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita. Si zile za kutuma picha kwenye simu, maana mtandao huku hufika ukijisikia. Lazima mtu aende akatoe kadi. Zamani alikwenda Urho. Daktari alipomwambia mwisho wa kutembea kwake ni kisanduku cha barua barabarani, nikaanza kwenda mimi, na goti langu bovu. Nikirudi anakaa mezani na kahawa yake, anatazama picha moja moja: mbweha, kulungu, jani lililopeperuka. Aliniambia, "Irja, siku moja bila picha ni siku bila miguu." Ningekataaje?

Kisha akaja dubu. Tukiwa msituni hatumtaji kwa jina, huenda akaitika. Tunamwita Kiganja-Asali. Huyu alikuwa jike kubwa, na Urho aliapa kuwa ana watoto. Ushahidi wake ulikuwa picha moja: ulimi wa waridi umejaa kioo chote, na nyuma yake, pembeni kabisa, kitu kidogo cheusi cha mviringo. Hiyo ndiyo ilikuwa picha ya mwisho ya kamera ya kwanza. Kamera yenyewe niliiokota kwa vipande.

Jirani yetu Kalervo Moilanen ndiye kiongozi wa wawindaji. Walikuwa na kibali cha dubu mmoja, na msimu ungefunguliwa tarehe ishirini Agosti. Mama mwenye watoto haguswi, kwa sheria na kwa aibu. Lakini Kalervo alikuwa ameona nyayo kubwa tu matopeni, zikienda peke yake.

"Mzee Urho, mimi sibishani na wewe," alisema jikoni kwetu, huku mkono ukifuata andazi la tatu la iliki. "Nionyeshe watoto, nami nawapeleka watu wangu ng'ambo ya ziwa. Bila picha nitawaambia nini? Kwamba Urho kaota?"

"Si hilo hapo sikio!"

"Hicho ni kisiki."

"Kisiki chenye manyoya?"

"Shemeji," Kalervo akanigeukia, "walivyompasua moyo wangemalizia na macho."

Urho hakucheka. Alipoondoka mgeni, alikaa akiitazama ile picha mpaka kahawa ikaota utando. Akasema taratibu, "Wakimuua, wale wadogo hawafiki theluji ya kwanza. Na mimi nitakuwa nimekaa hapa hapa kwenye kiti."

Kamera ya pili tuliitia ndani ya kisanduku cha chuma, tukaikaza mtini kwa parafujo za urefu wa kidole. Urho akaipaka lami kote, tabaka mbili. "Inaficha harufu ya binadamu," alinieleza. "Mbu wanaikimbia, nzi wanaikimbia. Na yeye ataikimbia." Siku ya tatu nikakuta parafujo zimesimama mtini peke yake. Kisanduku kilikuwa kijitoni, kimebonyea, na ndani maji.

"Lami ilikuwa haba," Urho akasema.

Ya tatu niliipandisha kwa ngazi, kimo cha watu wawili, mwanamke wa miaka sabini na moja nimekumbatia mti na kopo la lami meno yameliuma. Kiganja-Asali akaupanda mti. Aliacha alama za kucha kwenye gome toka chini hadi juu, na kamera hatukuiona tena. Kamera ikabaki moja, na siku zikabaki sita.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda ziwani kufua mikeka. Kila mwaka naifua palepale gatini, kwa brashi na sabuni ya msonobari, na mashua yetu huwa imefudikizwa kando. Urho alikuwa ameipaka upya wiki ile. Niliinama kuchota maji, jicho likaniangukia ubavuni mwa mashua: manyoya. Manyoya ya kahawia, mengi, yamenata kwenye lami kutoka mbele hadi nyuma. Mtu mzima na makucha yake alikuwa amekuja kujisugua mgongo pale, tena kwa raha zake, maana nyasi zilikuwa zimelala kama kitanda cha maharusi.

Nilikaa juu ya mkeka uliolowa. Kumbe! Miezi yote ile hatukuwa tunamfukuza. Tulikuwa tunampaka kamera manukato.

Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka. Nitamwambiaje? Lami ya baba yake, kazi pekee iliyobaki mikononi mwake, ndiyo iliyokuwa inamwita yule mama kwenye kamera, na ndiyo iliyotumalizia ushahidi wote. Mume wangu ni mkaidi, mbishi, na hukoroma. Lakini sikutaka kumnyang'anya na hicho. Nilimpenda mno siku ile, nusura nimkasirikie.

Kamera ya mwisho niliiosha kwa maji ya jivu nikiwa na glavu za mpira, nikaianika upeponi siku nzima kwenye kamba, nimeifunika mafungu ya matawi ya mbetula tunayojichapia kwenye sauna. Urho aliiona dirishani.

"Unaisugua ya nini?"

"Imeshika vumbi."

"Utaipaka?"

"Lami naichukua, usiwe na wasiwasi."

Nikachukua debe. Msituni, kwenye kisiki kikubwa karibu na kijito, nikamwaga lami na kuisambaza mpaka kikang'aa. Kamera nikaiweka hatua ishirini kutoka pale, juu, ndani ya kisanduku chake, bila tone la lami, nikairekebisha ikiangalie kisiki uso kwa uso. Nikarudi na debe karibu tupu. Nilimwambia limemwagika kidogo. Akalifunga mfuniko polepole.

Tarehe kumi na nane nikaenda kuchukua kadi. Kamera ilikuwa pale, safi kama nilivyoiacha. Kisiki sikukitambua, kilikuwa kimechubuliwa, kimevishwa manyoya. Nikarudi nikikimbia kwa kadiri goti lilivyokubali. Urho alikuwa kwenye kisanduku cha barua, mwisho wa mpaka wake, ameegemea fimbo zake mbili.

"Ipo?"

"Ipo. Twende ndani, usinipigie kelele."

Picha ya kwanza ilikuwa yangu, sura nimeikunja, nywele zimesimama. Huwa hivyo, kamera humpiga aliyeiweka. Ya pili mbweha. Ya tatu tukasogeza viti wote wawili. Kiganja-Asali ameegemeza mgongo kisikini, macho kafumba, mdomo wazi, raha imemlevya. Na chini yake wawili. Mmoja anapanda mgongoni mwa mwenzake ili afikie lami. Katika picha iliyofuata mwenzake amegeuka kutazama kamera, na pua yake yote nyeusi ti.

Urho aliweka kidole chake juu ya ile pua. Kisha kidole kikahama, kikaenda kwenye kisiki, kikakaa hapo muda mrefu.

"Kisiki hiki sikukipaka mimi," alisema.

"Hapana."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mikeka. Alijisugua kwenye mashua."

"Na ukaninyamazia."

"Ningekwambia ungeacha kupaka," nikasema. "Na mimi nimeizoea hiyo harufu, Urho. Miaka arubaini na minane nalala nayo. Mtu asiyenuka lami nitamjuaje gizani?"

Alifuta macho kwa kiganja, akajipaka lami shavuni, nikamwacha nayo. Akapiga simu yeye mwenyewe. Kalervo alikuja, akatazama, akavua kofia yake ndani ya nyumba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mchungaji.

"Kisiki kina masikio manne," Urho akamwambia.

"Nimekoma, mzee."

Hata hivyo, tarehe ishirini tuliamka kabla ya jua, tukakaa kwenye ngazi za mlango na kahawa. Ahadi ni ahadi, lakini watu walikuwa wanane na bunduki ni bunduki. Magari yakaja barabarani. Kwenye njia panda, wakikata kulia wanaingia msitu wetu. Wakinyoosha, wanazunguka ziwa. La Kalervo lilikuwa mbele. Halikupunguza hata mwendo. Lilinyoosha, likapiga honi mara mbili, na mengine matatu yakalifuata mpaka vumbi lilipotulia.

Nilitaka kuinuka nikaongeze kahawa, nikashindwa. Ndipo nilipogundua kwamba Urho alikuwa amenishika mkono tangu tulipokaa, na lami yake ilikuwa imetugandisha.