Duka la Ifrah

Watu wa Bisil walisema Jama anapenda pesa kuliko roho yake. Mimi Nanjala niliwaambia wafunge midomo, kwa sababu niliuza dukani kwake miaka mingi na nilijua alichokuwa anatafuta.

Alifika kutoka Kismayu, Somalia, mwaka wa tisini na moja. Mke alikufa vitani, na njiani, watu wakikimbia ovyo, binti yao Ifrah wa miaka tisa akampotea. Jama alianza na mbuzi wawili hapa sokoni. Alipofungua duka aliandika juu kwa herufi kubwa nyekundu: DUKA LA IFRAH. Akafungua lingine Kajiado, halafu Kitengela, yote jina hilohilo. Aliniambia wasafiri wote wa mpakani Namanga hupita hapa, na siku moja mmoja wao atamwambia mtoto ameona jina lake barabarani. Biashara yake yote ilikuwa hiyo, basi.

Lakini habari ikaenea. Msichana mmoja akaja akijiita Ifrah, akakaa kwake wiki mbili, akatoroka na kila kitu alichoweza kubeba. Mzee hakula siku tatu. Nikasema woi, hawa watu watamuua. Tangu hapo, ili matapeli wasije tena, mgeni akiniuliza Ifrah ni nani, nilimjibu ni binti ya mwenye duka, yuko shule ya bweni Nairobi. Nilijiona mjanja, kumbe.

Mwaka wa 2004 akaja mwanamke anaitwa Nasro, ametoka Afrika Kusini. Tulikuwa watatu tu dukani, yeye, Jama na mimi. Alieleza polepole kwamba yeye na Ifrah walipita hapa kwa basi miaka mitano nyuma, wakienda kuvuka mpaka. Ifrah aliona jina, akashuka mbio kuuliza. Akaambiwa duka ni la Jama wa Kismayu, na Ifrah wake yuko shuleni. Akarudi kwa basi analia. Alisema baba ashamzika na kumpa mtoto mwingine jina lake, na hataki kumvurugia nyumba. Hata kwetu Bungoma jina la marehemu hupewa mtoto, na mimi sikulifikiria hilo hata kidogo. Nasro akamalizia kwamba Ifrah alikufa Johannesburg akijifungua, mwaka uliotangulia.

Jama alikaa chini juu ya gunia la mchele. Nasro hakujua aliyemjibu Ifrah siku ile ni nani, kwa hivyo ningeweza kunyamaza, na nilitaka sana kunyamaza. Ulimi ukakataa.

"Ni mimi nilimjibu, mzee," nikasema.

Nilingoja matusi. Hakunitukana. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama mtoto wake aliuliza kitu kingine.

Nilikumbuka, kwa sababu lilikuwa swali la ajabu kutoka kwa mpita njia. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyapangusa.

"Aliniuliza kama huyo Ifrah wa shuleni anapendwa na baba yake," nikamwambia. "Nikamwambia sana. Nikamwambia hapa Bisil hakuna mtoto anapendwa kama yeye."